Huru Si Bure

Kiingereza kina tatizo ambalo Kiswahili hakina. Neno lao "free" limebeba mizigo miwili kichwani: kitu kisicholipiwa na mtu asiyefungwa. Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha taasisi ya kutetea programu huru mwaka 1985, amezeeka akieleza kwamba anazungumzia uhuru, hazungumzii bei. Sisi maneno yetu ni mawili na kila moja lina kazi yake: huru na bure. Ndege aliye nje ya tundu yuko huru; maji ya mvua ni ya bure. Mtoto wa darasa la kwanza hayachanganyi. Tena "bure" letu lina ncha ya pili inayochoma: kazi bure, kelele bure, mtu bure.

Sasa mbona sisi wenye utajiri huo ndio tunaochanganya? Ingia steshenari yoyote hapa Mpanda mjini, uliza habari za Linux au LibreOffice, utajibiwa: "Aah, hizo za bure hizo." Ofisini ni hivyohivyo, kwenye vikao vya bodi za shule ni hivyohivyo. Na kitu kikishaitwa cha bure, kinachofuata kinajulikana. Hakina mwenyewe. Hakina masharti. Chukua, futa jina la aliyekitengeneza, bandika lako, uza.

Naandika kupinga hilo, na naliandika hapa, kwenye ukumbi wa wapenda fasihi, kwa makusudi. Najua wapo watakaoniambia, bwana, haya peleka kwa watu wa kompyuta. Hapana. Kisheria jambo hili ni letu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inapotaja kazi za maandishi zinazolindwa, inaanza na vitabu, vijitabu na maandishi mengine, na hapohapo, ndani ya mstari huohuo, inaingiza programu za kompyuta. Machoni pa sheria yetu programu imekaa rafu moja na Shaaban Robert na Kezilahabi. Haikuwekwa pamoja na majembe wala mashine za kusaga.

Na ndivyo ilivyo hasa. Msimbo wa programu ni maandishi. Mtu amekaa, ameandika mstari, ameufuta, ameurudia, ameamka usiku kwa sababu neno moja limekaa vibaya. Ana haki ileile aliyonayo mshairi. Na kwa kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, mwandishi wa msimbo aliyeko Helsinki analindwa hapa Mpanda bila kusajili chochote, kama vile mshairi wa Mpanda anavyolindwa Helsinki.

Kwa hiyo hakuna programu huria isiyo na mwenyewe. Wakonongo na wenzao wanaorina asali kule Inyonga wanalijua hili bila kusoma sheria. Ukipita msituni ukakuta mzinga juu ya mti, hauna kufuli, hauna mlinzi, hauna uzio. Utasema hauna mwenyewe? Jaribu uone.

Tofauti ni kwamba mwenye mzinga huu wa msimbo ametamka kwa maandishi: njooni mrine. Tamko hilo ndilo leseni. Ziko leseni zinazosema rina tu, ukiondoka na asali yote shauri yako, mradi ukumbuke jina langu. Ziko nyingine, na hizi ndizo nazozitetea leo, zinazosema hivi: itumie, ichunguze, ibadili, iuze hata ukitaka, lakini ukimpa mtu mwingine, mpe na uhuru uleule niliokupa mimi, pamoja na msimbo wenyewe, usimfungie mlango ambao mimi nilikufungulia. Utaratibu huu Waingereza wanauita kopilefti, wakilipindua neno lao la hakimiliki. Leseni yake mashuhuri ni GPL, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, ikafuatiwa na toleo la pili 1991 na la tatu 2007.

Wapenda fasihi simulizi mtaniambia hamna jipya hapo, nami nakubaliana nanyi. Hadithi za mzimu wa Katabi, yule ambaye chini ya mkwaju wake pale Ziwa Katavi watu wameacha sadaka vizazi na vizazi, hazijawahi kuwa za mtu mmoja. Bibi anasimulia, mjukuu anaongeza chumvi, jirani anabadili mwisho. Jambo moja tu halikubaliki: asitokee mmoja akasema, kuanzia leo hadithi hii ni yangu, ukitaka kuisimulia nilipe. Kijiji kililinda hadithi kwa aibu na kwa lawama. Kopilefti inajaribu kufanya kazi hiyohiyo kwa mkono wa sheria, kwa sababu mwenye kampuni haoni aibu.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Kuna shule ya sekondari mkoani hapa ambayo nimekuwa nikiisaidia kwenye maktaba yake. Shule ilinunua "mfumo wa maktaba" kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja. Mfumo una jina la kampuni, nembo ya kampuni, rangi za kampuni. Bei yake ilikuwa ya kuuma, na juu yake kuna ada ya kila mwaka. Siku moja mfumo ukagoma katikati ya kuazimisha vitabu, ukatoa ujumbe wa hitilafu, na ndani ya ujumbe ule, katika njia ya faili, likatokeza neno dogo: koha.

Msomaji, Koha ni mfumo wa maktaba ulioandikwa New Zealand. Maktaba za wilaya ya Horowhenua zilikuwa na mfumo wa zamani usioweza kuvuka mwaka 2000. Zikaagiza mpya, ukaanza kazi Januari 2000, na badala ya kuuficha zikautoa kwa dunia chini ya GPL. Leo unatumika nchi nyingi, zikiwemo maktaba za vyuo vikuu kadhaa hapa Tanzania. Jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi, lakini zawadi ya namna fulani: ile inayotarajia wema urudi. Waswahili tunaielewa vizuri. Sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Kampuni ile ilirudisha sahani tupu, tena ikaifungia kabatini. Niliomba mkataba niusome. Hakuna mahali palipotaja GPL. Matangazo ya hakimiliki ya waandishi wa Koha yamefutwa kwenye kurasa. Nywila ya msimamizi wa kompyuta ya maktaba, inayokaa chumbani kwetu wenyewe, anayo fundi wa kampuni peke yake. Na kifungu kimoja kinasema shule hairuhusiwi kunakili mfumo wala kumpa mtu mwingine yeyote. Nilipouliza msimbo, jibu lilikuwa fupi: "Hiyo ni siri ya kampuni." Siri ya nani? Shule ya jirani, huko Nsimbo, iliutaka mfumo huohuo. Ikaambiwa inunue wake.

Tulitazame kwa utulivu, kwa sababu watu wengi wanadhani kosa hapa ni kuuza. Kuuza si kosa. GPL toleo la tatu inasema wazi unaweza kutoza bei yoyote au usitoze kabisa. Fundi aliyefunga mfumo, akafundisha walimu, akaja mvua inaponyesha kutengeneza kompyuta, anastahili kulipwa, na alipwe vizuri. Kosa ni mambo matatu. Kufuta matangazo ya hakimiliki na kutotoa nakala ya leseni, ambavyo leseni inaamuru vibaki. Kumnyima mpokeaji njia ya kuufikia msimbo. Na kile kifungu cha kukataza kunakili, kwa maana leseni inamzuia msambazaji asiongeze katazo lake juu ya uhuru uliokwisha kutolewa. Shule ilikuwa na haki ya kuipa shule ya Nsimbo nakala, siku ileile, bila kumwomba mtu ruhusa. Haki hiyo ilizikwa chini ya sahihi ya mwenyekiti wa bodi, naye hakujua anachozika.

Hilo ndilo linaloniudhi. Watu wa New Zealand hawakupoteza senti. Aliyenyang'anywa ni mtoto wa Nsimbo. Anayevunja kopilefti huku kwetu hamwibii Mzungu aliyeandika. Anatuibia sisi tulioandikiwa.

Sasa nijibu ninayoyasikia kila nikilizungumza hili.

La kwanza: "Hiyo leseni ni karatasi tu, haina meno." Ina meno, na yameshauma. Leseni ya namna hii inafanya kazi kwa hila nyepesi. Bila leseni huna ruhusa yoyote ya kunakili kazi ya mtu; hakimiliki imekufungia. Leseni inakufungulia, kwa masharti. Ukivunja masharti, ruhusa inaanguka, na unabaki mtu aliyenakili kazi ya mwenzake bila ruhusa, basi. Mwaka 2004 Harald Welte, mmoja wa waandishi wa sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano ya mtandao, aliipeleka kampuni ya Sitecom mahakamani huko Munich kwa kuuza vifaa vyenye msimbo wake bila kufuata GPL. Mahakama ikampa haki. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisikiliza kesi ya Jacobsen na Katzer, iliyohusu programu ya kuendeshea treni za kuchezea, ikaamua kwamba masharti ya leseni huria yanalindwa na hakimiliki yenyewe. Mahakama ya rufaa ya Paris, Februari 2024, iliiamuru kampuni kubwa ya simu ya Orange ilipe zaidi ya yuro 600,000 kwa kukiuka GPL katika kazi ya Entr'ouvert, ushirika mdogo tu wa watengeneza programu. Kesi ile ilichukua zaidi ya miaka kumi. Meno yapo; yanauma polepole.

La pili: "Nani atakuja kushtaki Mpanda?" Hili lina ukweli ndani yake. Anayeshtaki kwa hakimiliki ni mwenye kazi, naye yuko mbali, na ana kesi kubwa kuliko ya shule yetu. Lakini ndiyo maana macho yangu yako kwenye kesi nyingine, iliyofunguliwa California Oktoba 2021. Shirika la Software Freedom Conservancy limeishtaki kampuni ya televisheni ya Vizio, na limefungua shauri hilo kama mnunuzi wa televisheni. Linasema: nimenunua, ndani yake mmeweka kazi ya GPL, GPL inaniahidi msimbo, nipeni. Vizio ikataka shauri lihesabiwe kuwa la hakimiliki lisikilizwe mahakama ya shirikisho; mwaka 2022 jaji wa mahakama hiyo akalirudisha mahakama ya jimbo, liendelee kama dai la mkataba. Mnaona linakoelekea? Kama mnunuzi anaweza kudai, basi dai halikai tena Helsinki wala New Zealand. Linakaa kwa aliyenunua. Hukumu za California hazitufungi, ila hoja haina pasipoti. Mwanasheria wa Kitanzania anaweza kuibeba mbele ya jaji wetu.

La tatu, na hili ndilo linanikera kuliko yote: "Mwanakijiji atafanyia nini msimbo? Hajui kuusoma." Maneno haya niliyasikia kwa watu waliosoma, tena wanaopenda vitabu. Hivi kuna mtu aliyewahi kumnyima mkulima hati ya shamba lake kwa sababu hajui kusoma? Atampelekea anayejua. Vijana wanaofungua simu pale stendi kwa bisibisi na subira, vijana wanaotoka VETA, walimu wa hesabu wenye kompyuta iliyochoka: hao ndio wasomaji wa msimbo, na hawatajifunza kusoma kama kila kitabu kimefungwa kwa kamba. Wale waliowahi kulilia vitabu vya Kiswahili shuleni mnanielewa.

Ushahidi wa faida ya kudai upo. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta ya Linksys iliyokuwa ikiuzwa madukani ilikuwa na Linux ndani, wakadai msimbo. Kampuni ikautoa. Mwaka uliofuata ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao leo unaendesha ruta za aina nyingi mno duniani, na ambao mafundi huutumia kufufua vifaa ambavyo kampuni zimekwisha kuvitelekeza. Kisingetolewa kile kilichodaiwa, OpenWrt isingekuwapo. Na nyumbani hapa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakusubiri kampuni fulani ng'ambo iamue kama Kiswahili kina soko. Leseni ilisema badilini, wakabadili.

Sisemi kila anayekosea aburutwe kortini. Huko Ujerumani mmoja wa waandishi wa Linux alilaumiwa vikali na wenzake mwenyewe kwa kugeuza madai ya GPL kuwa mtaji wa kukamua fedha. Watetezi wakuu wa kopilefti walikubaliana mwaka 2015 juu ya misingi yao: kwanza zungumza, kesi iwe ya mwisho, fedha zisitangulie uhuru wa watumiaji. GPL toleo la tatu inampa mkosaji wa mara ya kwanza siku 30 tangu aarifiwe; akijirekebisha, ruhusa yake inarudi. Ni sheria yenye huruma kuliko mikataba mingi niliyoisoma. Lakini huruma inaanza baada ya mtu kuarifiwa, na kuarifiwa kunaanza na mtu kuuliza.

Nasi hatuulizi. Chukua simu yako sasa hivi. Kama ni ya Android, ndani yake kuna Linux, na Linux iko chini ya GPL toleo la pili. Fungua mipangilio, nenda kwenye habari za simu, tafuta sehemu ya mambo ya kisheria na leseni. Utakuta maandishi marefu ya Kiingereza ambayo pengine hujawahi kuyatazama. Humo umeahidiwa msimbo. Asiyeambatanisha msimbo na bidhaa anaruhusiwa kutoa ahadi ya maandishi badala yake, na ahadi hiyo haiwezi kuwa chini ya miaka mitatu. Ni haki yako uliyoinunua pamoja na simu, na inachacha mfukoni.

Au tutoke kwenye simu twende zahanati. Mfumo wa eLMIS, ambao vituo vya afya vya serikali vimeagizia dawa, ulijengwa juu ya OpenLMIS, na OpenLMIS ilitolewa kwa leseni ya AGPL. Hiyo ni ndugu wa GPL mwenye kifungu kimoja cha ziada, cha 13: ukiibadili programu na watu wakaitumia kwa mtandao, lazima uwape watumiaji hao fursa ya kupata msimbo uliobadilishwa. Maana yake mwuguzi wa Karema au Mishamo, anayehesabu vidonge na kuingiza namba, si mtu wa kupokea tu. Leseni imemtaja. Simtuhumu mtu yeyote hapo kwa kuvunja chochote. Nasema haki ipo na ina jina la mwuguzi, basi apewe habari zake kwa lugha anayoielewa.

Nasi waandishi tusijitoe. Kila mwezi tunalalamika, na tuna haki, kwamba riwaya zetu zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama PDF. Tunapiga kelele: hakimiliki! Halafu palepale tunanakili makala nzima kutoka Wikipedia ya Kiswahili, tunafuta chanzo, tunaweka majina yetu. Wikipedia hiyo ina leseni ya familia hiihii: taja waandishi, na kazi uliyoitohoa iache huru vilevile. Wanaoandika kule wanafanya usiku, bila malipo, kwa lugha yetu. Wao si waandishi? Huwezi kudai hakimiliki kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unaichana ya mwenzako. Kopilefti imesimama juu ya hakimiliki. Anayeidharau moja ameidharau nyingine.

Ninachotaka ni vitu vichache na havihitaji bajeti. Bodi za shule na halmashauri zetu za Katavi, kabla ya kusaini mkataba wowote wa mfumo, ziandike kifungu kimoja: muuzaji ataje programu huria zote zilizomo na leseni zake, na akabidhi msimbo pamoja na nywila. Wanasheria wetu waache kuiona Sheria ya 1999 kama sheria ya muziki pekee. Watafsiri mlio humu, nileteeni Kiswahili safi cha GPL, kiwe cha kueleza tu, asili ibaki ndiyo yenye nguvu. Mwenye shamba la mpunga Mpimbwe aweze kuisoma. Tulitafutie na kopilefti jina letu, maana "hakishiriki" sheria imekwisha kulitumia kwa haki za wasanii na watangazaji.

Na neno "bure", kwenye jambo hili, tuliache. Programu hizi zimelipiwa kwa usiku wa watu wengine, na bei tuliyotajiwa ni kutofunga mlango nyuma yetu.

Barua ya shule imekwisha kuandikwa, ipo mezani kwa mkuu wa shule ikisubiri muhuri. Naiweka hapa ili mwenye shida kama yetu ainakili, ruhusa imetolewa: "Kwa kuwa mfumo mliotuuzia umejengwa juu ya Koha, kazi iliyotolewa kwa leseni ya GPL toleo la tatu, tunaomba mturejeshee matangazo ya hakimiliki ya waandishi wake, mtupe nakala ya leseni, mtukabidhi msimbo wote pamoja na mabadiliko yenu, na mkifute kifungu kinachotukataza kuwapa wenzetu nakala. Tunaomba mfanye hivyo ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii."